Majoho Manane ya Uchochoro wa Chumvi

Mama mkwe alikata roho Jumatatu alfajiri, kwa utulivu, kama mtu anayetua kapu zito chini. Kufikia adhuhuri Hilletje alikuwa amekwisha kumwosha na kumvika sanda ambayo mama mwenyewe alijishonea mwaka aliofunga ndoa, amekigeuza kioo kitazame ukutani, amemnyonyesha mtoto mara tatu, na yeye hajatia kitu kinywani. Ndipo Bwana Wouter alipopiga hodi, akija kwa habari ya majoho.

Bwana Wouter alikuwa mwoka mikate, na huu ulikuwa mwaka wake wa tisa kuwa mkuu wa Uchochoro wa Chumvi. Hapa mjini Leiden kila uchochoro una mkuu wake na kanuni zake, na kanuni zinazoshikwa kuliko zote ni za mazishi. Mtu akifa, uchochoro hutoa machela, hutoa shuka jeusi la kufunika jeneza, na hutoa wanaume wanane wa kubeba. Kila mbebaji awe na joho jeusi, toka begani hadi kifundo cha mguu. Majoho yasipotimia, machela haitoki. Hapo huja mkokoteni wa nyumba ya maskini, mapema, kabla watu hawajafungua madirisha, na kengele hailii.

"Karibu ukae, Bwana Wouter."

"Nikikaa sitainuka, binti." Alivua kofia akamtazama marehemu pale kitandani. "Wiki iliyopita tu alinirudishia mkate. Akasema nimetia chumvi ya kukaushia samaki."

"Hata mimi alikuwa akinirudishia mishono."

"Alikuwa mtu." Aliizungusha kofia mkononi. "Sasa, kuna jambo. Nimepita milango yote ishirini na mbili. Unajua nimekuta majoho mangapi?"

Hilletje alimhamishia mtoto kwenye nyonga ya pili. Alijua.

"Moja," alisema.

"Moja. Na hilo ni langu, nami siyo mbebaji, mimi natangulia mbele na fimbo." Hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali. "Nilipowauliza yaliko mengine, wote walinielekeza hapa kwako."

Yalikuwa kila mahali, hayo majoho mengine. Yalikuwa yakipita nje ya dirisha wakati ule ule, yana mikono na mifuko na vifungo. Majira ya baridi mawili yaliyopita, Dirck, anayefanya kazi kwenye kinu cha kufulia sufu, alimwona mwanafunzi mmoja wa chuo amevaa koti la mtindo wa Kifaransa, lile linalobana kiuno kisha likapanuka hadi magotini. Akaja na joho la marehemu baba yake begani, akamwuliza Hilletje kama anaweza. Hilletje akalitandaza sakafuni. Joho ni nusu duara ya sufu nzito. Ukiwa na jicho la mkasi, koti unaliona limelala humo ndani linakungoja. Akakata. Baada ya Dirck akaja jirani yake, kisha shemeji wa jirani, na baridi ilipokwisha hakuna mwanaume aliyetaka tena kuonekana kama kengele inayotembea. Mama mkwe ndiye aliyeshona matundu ya vifungo, yote, thelathini na manne kwa kila koti, kwa vidole vilivyokuwa vimekwisha kupinda. Kwa mabaki walishona glavu za watoto. Watoto wote wa uchochoro walikuwa wakitupiana theluji na majoho ya babu zao mikononi.

Na hakuna aliyekumbuka. Si yeye, si mama mkwe, si Bwana Wouter aliyewaona wakipita na makoti yao mapya siku zote hizo. Uchochoro haukuwa umefiwa kwa miaka miwili. Bahati njema ile ndiyo iliyowasahaulisha.

"Yule mkodishaji wa majoho kule mtaa wa Breestraat je?"

"Nimetoka kwake sasa hivi. Kafariki profesa. Anazikwa Jumatano, saa zile zile zetu, na wamechukua kila kitu cheusi kilichokuwa kwenye misumari. Kama angekuwa na paka mweusi wangemchukua pia."

"Tungoje basi. Tumzike Alhamisi."

Bwana Wouter akatikisa kichwa. Ardhi ilikuwa imeganda kama jiwe. Wachimbaji walikuwa wamewasha moto juu ya kaburi tangu asubuhi ile ili udongo ulainike, na foleni ya wafu ilikuwa ndefu. Ukikosa zamu yako Jumatano, shimo linapewa mwingine. "Mimi ningesema wavae makoti," alisema. "Lakini kanuni inasema joho. Nikiruhusu kwako, nitaruhusu kwa kila mtu, na mwakani watabeba wafu wakiwa na mikono ya shati. Jumatano saa nane mchana nitakuja na machela. Nikihesabu nane, tunakwenda. Nisipohesabu nane, itabidi nipeleke habari nyumba ya maskini. Usinichukie, Hilletje."

"Sikuchukii," alisema, na ilikuwa kweli. Kuchukia kunataka nguvu.

Alipoondoka, Hilletje aliketi kwenye ukingo wa kitanda miguuni pa marehemu. Mume wake, Lubbert, alikuwa na mashua yake ya mizigo mahali fulani karibu na Gouda, amenaswa na barafu, na hajui kwamba hana mama tena. Mtoto alikuwa akiota meno. Alitafuna kamba ya aproni ya mama yake, akilalamika kwa sauti ya chini isiyokoma.

Mama mkwe alizaliwa katika nyumba ile ya maskini. Akiwa na miaka sita alimwona mama yake akiondolewa kwa mkokoteni, na alichokumbuka hakikuwa uso wa mama bali gurudumu moja lililokuwa likilia. Alimsimulia Hilletje mara moja tu, akikoroga sufuria ya mbaazi, wala hakugeuka. "Mimi nitakwenda kwa mabega, mwanangu," alisema. "Si kwa magurudumu. Hilo tu ndilo ninalolitaka kwenu. Haya, nipe chumvi."

Hilletje hakuwa na mama wa kumzaa. Alipoingia nyumba hii akiwa bibi harusi, mwanamke huyu alimpa upande wa kitanda ulio karibu na moto, na hakuudai tena.

Jioni Dirck alikuja, mkubwa, amejikunyata ndani ya koti lake. Alisimama pale alipokuwa amesimama Bwana Wouter.

"Jirani, nimesikia. Mimi bega ninalo."

"Bega unalo. Joho huna."

"Joho langu unalijua liliko." Alifungua mikono ili alione. Vifungo vya tumboni vilikuwa vimekaza hadi uzi unaonekana. "Na siku hizi limenibana."

"Halijakubana. Umelijaza bia wewe."

Dirck alicheka kidogo, kisha akaona aibu kwa kuwa marehemu alikuwa hapo. "Huwezi kuyafumua? Uyaunge yawe kama zamani?"

"Kuunga naweza, Dirck. Kuotesha sufu siwezi. Nikiyaunga makoti mawili nitapata joho moja lenye viraka kama ramani, na bado Bwana Wouter atakuta matundu ya vifungo thelathini na manne mgongoni."

"Yeye alikuwa akinitania," Dirck alisema, akimwonyesha mama mkwe kwa kidevu. "Alisema nimelikata joho ili wasichana waone kiuno, na kiuno chenyewe hakikuja." Alijifuta pua. "Ningembeba peke yangu kama ingeruhusiwa."

"Najua."

"Ni mwepesi vile."

"Najua, Dirck. Nenda ukalale."

Jumanne asubuhi maji yaliisha. Koti la sufu la Hilletje lilikuwa limetandikwa chini ya mtoto, aliyekuwa amelala kwa mara ya kwanza tangu usiku wa manane, na mama yeyote anajua kwamba hapo hakivutwi kitu, hata nyumba ikiungua. Akafungua kasha la mama mkwe atafute shali. Chini kabisa, chini ya mahali ilipokuwa sanda, akakuta huiki.

Siku hizi huiki haivaliwi ila na vikongwe, na hata wao Jumapili za baridi kali tu. Ni lile vazi jeusi la wanawake linaloanzia utosini na kushuka hadi visiginoni, na juu yake kuna kishungi kigumu kinachochongoka mbele kama mdomo wa bata. Hii ilikuwa imekunjwa pamoja na maua makavu ya mrujuani. Hilletje akaitupia kichwani, akachukua ndoo, akatoka kwenda kwenye bomba. Alikuwa amechoka mno kuona haya.

Aliporudi mtoto alikuwa ameamka. Alimtazama mama yake akiingia na kile kishungi, akanyamaza, kisha akacheka hadi yale meno mawili ya chini yakaonekana. Hilletje akainamisha kichwa, akamdonoa tumboni kwa mdomo wa bata. Mtoto akacheka zaidi. Akamdonoa tena. Na alipoinuka, ukingo wa vazi ukafagia sakafu nyuma yake, akausikia.

Akasimama wima. Kisha akaivua huiki taratibu, akaitandaza sakafuni pale pale alipokuwa akitandaza majoho.

Nusu duara. Sufu nzito, nyeusi. Akapima kwa shubiri toka pale shingo itakapokuwa hadi kwenye pindo. Ukiondoa kishungi, ukikunja juu ukatia ukosi na kamba ya kufungia, inamfika mwanaume kifundoni. Kwa Dirck ingepungua kidole kimoja, lakini Dirck angeweza kupinda magoti.

Alimbeba mtoto akaingia nyumba ya pili bila kubisha. Bibi Aagt alikuwa akisokota uzi, miguu juu ya kisanduku cha makaa.

"Bibi, huiki yako unayo bado?"

"Ninayo. Kwa nini, unataka kuolewa mara ya pili?"

Hilletje akamweleza. Bibi Aagt alilisimamisha gurudumu la uzi. Alisikiliza huku amefumba macho, na alipoyafumbua alikuwa akitazama kasha lake lililokuwa pembeni.

"Niliolewa nayo ile," alisema. "Nikabatizia watoto watano nayo, nikazikia watatu. Na sasa unataka Dirck atokwe jasho humo."

"Kuna baridi, bibi. Hatatokwa jasho."

"Dirck hutokwa jasho akila. Na watajua. Kila mtu atajua ni nguo za wanawake."

"Watajua."

"Mama mkwe wako Machteld angecheka hadi kile kibandiko cha maumivu ya meno kimtoke shavuni." Akajishika magoti akainuka kwa awamu mbili, kama walivyoinuka wote wa umri wake. "Niachie mimi wazee wenzangu. Wewe wakikuona na huo uso wako watadhani umekuja kuomba msaada wa kanisa. Kanywe supu."

Kufikia mchana zilikuwa saba, zimelundikana mezani, na nyumba nzima ilinuka mrujuani na makasha yaliyofungwa muda mrefu. Hilletje aliketi dirishani kwenye mwanga akafumua. Kazi haikuwa ngumu, ila ilikuwa ndefu. Kila kishungi kilikuwa kimeshikwa kwa uzi wa nta, uliotiwa na mwanamke aliyetaka udumu. Alikata uzi mmoja mmoja, akavipanga vishungi kwenye mstari juu ya kizingiti cha dirisha, na kwa kila kimoja aliwaza kwamba baada ya mazishi atalazimika kukishona tena mahali pake. Macho yalimwuma. Mtoto alinyonya, akalala, akaamka, akanyonya. Mama mkwe angekuwepo angemchukua. Mara mbili Hilletje aliinua kichwa ili amwite.

Ya nane haikuja. Jumatano asubuhi bado haijaja. Saa tano Bibi Aagt akaingia na kifurushi chini ya shali, akakiweka mezani haraka kama mtu anayerudisha kitu alichoiba.

"Hii ya nani?"

"Usiulize. Imetoka nyumba yenye joto."

Ilikuwa huiki nzuri kuliko zote, sufu ya enzi ambazo sufu ya Leiden ilikuwa sufu. Ila kwenye pindo ilikuwa na tundu la kuungua, ukubwa wa jani la kabichi changa, lililofumwa kwa subira kwa uzi wa kahawia, kana kwamba siku hiyo mweusi ulikwisha. Kaa la moto liliruka kutoka kwenye kisanduku cha kupashia miguu. Hilletje alilipitisha dole gumba juu yake, akashika mkasi.

Saa saba na nusu wanaume walikuwa wamejipanga kwenye chumba cha mbele. Walikuja na makoti yao, wakayavua, wakavishwa. Vikongwe wenyewe ndio waliokuwa wakifunga kamba shingoni.

"Simama wima," Bibi Aagt alimwambia Dirck. "Miaka hamsini na mbili nimevaa yangu, sikuinamisha mabega hivyo."

"Inanikwaruza shingo."

"Nami yangu ilinikwaruza."

"Ukinuka mrujuani namna hii, jirani," mmoja alimwambia mwenzake, "mkeo atakuuliza ulikolala."

"Mke wangu ndiye aliyenituma."

Walicheka puani, huku wametazama chini. Kisha wakasikia fimbo ya Bwana Wouter ikigonga kizingiti mara tatu, wakanyamaza wote. Yeye alivaa joho lake mwenyewe, refu, limepigwa brashi. Nyuma yake nje machela ilikuwa imewekwa kwenye theluji.

Aliingia, akasimama, akanusa.

Hilletje alikuwa kando ya jeneza, mtoto mikononi. Aliona vile vishungi vinane vimekaa kwenye kizingiti cha dirisha, vimechongoa midomo yao kuelekea chumbani, vinatazama. Alikuwa amesahau kuvificha. Akaegemea jeneza.

Bwana Wouter naye aliviona. Kisha alianza kuhesabu kama kanuni inavyotaka, mtu mmoja mmoja, fimbo ikigusa sakafu mbele ya kila mbebaji. Begani. Kifundoni. Moja. Begani. Kifundoni. Mbili. Wanaume walitazama ukuta. Nne. Tano. Dirck alikuwa wa mwisho, naye alipewa ile ya nyumba yenye joto kwa sababu ilikuwa ndefu zaidi, ila alikuwa bado amepinda magoti, asiambiwe imepungua.

Fimbo haikugonga.

Bwana Wouter alikuwa akitazama pindo. Akainama, kwa shida, mkono kiunoni, akaliinua kati ya vidole viwili. Uzi wa kahawia. Alikaa vile muda mrefu kiasi kwamba mtu mmoja alikohoa. Kupitia mlango uliokuwa wazi Hilletje alimwona mke wa mwoka mikate amesimama ng'ambo ya uchochoro, mikono ndani ya aproni, anatazama juu ya mapaa kana kwamba anangoja ndege.

"Nilikuwa na miaka saba," Bwana Wouter alisema, si kwa mtu yeyote. "Nilipiga teke kile kisanduku. Mama hakunipiga. Alikaa akafuma."

Akaliachia pindo, akaligonga-gonga litulie. Akainuka.

"Nyoosha magoti, Dirck," alisema. "Inakutosha."

Na fimbo ikagonga sakafu. "Nane."

Hilletje alikuwa amekaza meno tangu asubuhi. Sasa pumzi ilimtoka yote kwa mara moja, na mtoto akamshika pua kuona kimetokea nini.

Walimtoa marehemu miguu mbele. Dirck alikuwa amesema kweli, alikuwa mwepesi, lakini walimbeba kama mzito, taratibu, bega kwa bega, na kengele ikaanza kulia. Mtoto alikuwa mchanga mno kwa baridi ya makaburini, kwa hiyo Hilletje alikwenda mpaka darajani tu. Kutoka pale aliiona migongo minane myeusi ikienda kando ya mfereji ulioganda, sufu ikiyumba kwa pamoja, mapindo yakifagia theluji. Kwa mbali ungeapa ni wanaume wa zamani. Kwa mbali zaidi ungeapa ni vikongwe wanane wanamsindikiza mwenzao. Gurudumu halikusikika mahali popote. Alisimama hadi walipokata kona, kisha akasimama zaidi kidogo.

Walirudi jioni na pua nyekundu, wakanywa bia ya moto, wakavaa makoti yao, wakaenda. Huiki zilibaki mezani, zimelowa mapindo. Vikongwe walikuwa bado wamekaa kuzunguka moto, matone ya mwisho ya bia vikombeni, hawana haraka. Hilletje akavuta kiti dirishani, akatia uzi kwenye sindano kwa jaribio la tatu, akanyoosha mkono kuchukua kishungi cha kwanza.

"Unafanya nini?" Bibi Aagt aliuliza.

"Ninarudisha. Nilisema nitavirudisha."

Bibi Aagt aliwatazama wenzake. Mmoja alitikisa kichwa, mwingine akapandisha mabega.

"Viache," alisema. "Sisi tumekwisha kuzivaa. Zining'inize mahali, zikauke, utie maua ndani panya wasiingie. Atakayezihitaji safari ijayo ni mmoja wetu hapa, na sipendi kumsikia mwoka mikate akihesabu tena."

"Lakini nyie mtavaa nini baridi?"

"Utanishonea koti," Bibi Aagt alisema. "Lenye kiuno."

Wakacheka, wale vikongwe, kicheko cha chini kilichoishia kwenye kikohozi, na mtoto akacheka kwa sababu wao wanacheka. Hilletje aliichomeka sindano kwenye kifua cha gauni lake. Mikono ilimlalia mapajani, haina kazi, na kwa muda hakujua aifanyie nini. Kisha akamchukua mtoto, akachukua ile huiki ya mama mkwe, ndiyo pekee iliyokwisha kukauka, akajifunika nayo pamoja na mtoto wake kwenye upande wa kitanda ulio karibu na moto. Alisikia Bibi Aagt akisema polepole kwamba mwacheni alale, hizi nyingine tutazining'iniza sisi. Alitaka kujibu. Alisikia misumari ikigongwa ukutani, mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu, na kabla ya wa nne alikuwa amelala.